Mama wa Kupima

Ko, ko, ko. Mara tatu, si mbili wala nne. Kopo la bati lagongwa kwenye mdomo wa chupa, tone la mwisho la mafuta lishuke na mteja aone kwamba hakuna kilichobaki. Mpaka leo nikisikia mtu akigonga mwiko kwenye sufuria, shingo yangu inageuka yenyewe, kwa sababu sauti ile ilikuja na harufu zake: mafuta ya taa, dagaa wa omena, na kitambaa kilicholala kwenye maji siku nne.

Mwenye kopo tulimwita Mama wa Kupima. Upande wetu wote wa mtaa wa Mbotela ulimwita hivyo, wakubwa kwa wadogo. Kama alikuwa na jina lingine halikuwahi kufika kibandani, na mimi sikuuliza. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, nyuma ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, kimeegemea mtaro uliobadilisha rangi kila siku kutegemea nani amefua nini. Ndani mlikuwa na kila kitu, na hakuna kitu kizima. Mafuta ya kupikia kwa kopo. Sukari kwa kijiko. Unga kwa bakuli. Sabuni ya mche iliyokatwa vipande kwa waya. Majani chai yamefungwa kwenye karatasi za daftari la mtoto wa mtu, ukifungua unakuta hesabu zimetiwa mkasi kwa wino mwekundu. Njiti za kiberiti kumi kumi. Na chini ya meza, kwenye mkebe wa maziwa ya unga, vidonge.

Mtu aliyehamia Nairobi juzi hawezi kununua pakiti. Hilo sikulijua mpaka nilipohamia mwenyewe. Kule Kitale tulikuwa na duka moja, tunanunua kilo, tunasahau. Hapa nilikuwa kibarua wa kupakia biskuti kwenye kiwanda kimoja Industrial Area. Unalipwa jioni, na kile ulicholipwa kinanunua jioni hiyo tu. Kwa Mama wa Kupima ndiko jioni ilikouzwa. Kopo moja, kijiko kimoja, bakuli moja, kipande cha sabuni, nenda nyumbani umekamilika. Sikuona mahali pengine pa kunipa maisha kwa ukubwa wangu, na ningekuwa muongo nikisema sikushukuru. Lakini mikono yake jamani.

Kucha zilikuwa na mstari mweusi ambao haukutoka hata Krismasi. Alikuwa na tabia ya kuonja. Mteja akirudi analalamika kwamba mafuta yametoa povu au yamechacha, Mama wa Kupima hakubishana. Alitia tone kwenye kidole cha shahada, akakilamba taratibu akiangalia juu kama mtu anayekumbuka deni, akatoa hukumu. Halafu kidole kilekile kikasawazisha sukari ya mteja anayefuata. Kulikuwa na paka wa rangi ya jivu aliyelala juu ya gunia la unga. Ukiitisha unga anainuliwa kwa ngozi ya shingo, anawekwa juu ya mikate, unga unachotwa, paka anarudishwa mahali pake. Leso yake ilifuta bakuli, ikafuta meza, ikafuta pua, ikarudi kwa bakuli. Mimi nilisimama pale kila jioni nikihesabu leso inazunguka vipi, nikiomba zamu yangu iangukie kati ya meza na pua.

Siku moja nilimwambia, kwa heshima zangu zote, kwamba mkono una damu ya omena. Akautazama kama anayeuona mara ya kwanza, akaupangusa kwenye nywele.

"Unanunua mafuta, mrembo," akaniuliza, "ama unanunua kucha zangu?"

Mstari wote ulikufa kwa kicheko. Akaongeza lile alilowaambia wote waliokunja pua: "Ukitaka safi, nenda Donholm."

Nami nilienda. Siwezi kudanganya. Kila mwisho wa wiki nilitembea mpaka supamaketi moja ya huko, mtaa wa wenye nafasi, nikazunguka kwenye vigae vyake vinavyong'aa, nikavuta pumzi. Palinukia limau na baridi. Nilisukuma kitoroli kitupu nikipanga duka langu kichwani: vigae vyeupe, mizani inayosema ukweli kwa nambari nyekundu, mimi ndani ya aproni ya kijani, glavu mikononi. Nikatoka na kiberiti kimoja, mlinzi akakagua risiti ya kiberiti, nikarudi Mbotela kununua mafuta kwenye kopo. Njiani nilikuwa nacheka peke yangu. Ndoto hailipiwi kwenye kaunta.

Mambo haya yote niliyajua baadaye. Siku ya kwanza kabisa nilifika kwake kwa kosa la neno.

Mama yangu mzazi alinifuata Nairobi nilipomaliza wiki mbili. Alishuka kwenye basi akichechemea, kwa sababu kiatu chake cha kanisa kilikuwa kimemchuna kidole kidogo cha mguu wa kulia. Kidonda chenyewe kilikuwa kama punje ya hindi. Lakini pia alikuwa amekonda, anakunywa maji kama aliyekula chumvi, na anaenda choo mara nyingi hata majirani wa ploti wakaanza kutazamana. Nikaona lazima apimwe. Asubuhi nikamuuliza jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa akifunga kufuli akimbilie kazi, ni wapi hapa wanapima kwa bei ya chini.

"Kupima?" akasema, akionyesha kwa kidevu. "Si hapo nyuma tu, kwa Mama wa Kupima. Hata nusu anakupimia."

Mimi ni mtu wa kuamini mazuri haraka. Nilifurahi kwamba Nairobi ina daktari anayempima maskini hata nusu. Mama akavaa gauni lake la Jumapili, akatia kitabu cha kliniki kwenye mkoba, tukaenda polepole mpaka kwenye mtaro. Tukakuta mstari wa watu, kila mmoja na chupa mkononi. Waliokuwa wakiondoka, chupa zao zilikuwa na kitu cha manjano.

Mama akanivuta sikio. Hawa watu wa Nairobi, akaninong'oneza, wanabeba mkojo hadharani hata hawaufuniki. Akanituma chupa. Nikakimbia, nikaleta chupa ya soda, akaingia choo cha ploti, akarudi na chupa ameificha chini ya shuka kama mtoto mchanga. Zamu yetu ikafika. Nikaitoa kwa mikono miwili, kwa adabu, nikasema tumekuja kupima.

Mama wa Kupima aliipokea, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa na povu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alidhani tumerudisha mafuta mabovu. Kabla hata sijafungua mdomo kueleza, alikuwa amefungua kizibo, amedondosha tone kwenye kidole, na kidole kiko mdomoni.

Akatazama chupa, akanitazama mimi, akamtazama mama yangu na gauni lake la Jumapili na kitabu chake cha kliniki. Nyuma yetu mtu mmoja akaelewa, akaanza kucheka, na kicheko kikashuka mstari mzima mpaka barabarani. Jamaa mmoja alilazimika kushika ukuta. Mama wa Kupima hakucheka. Alitema mate kando, akajifuta kwa leso ile, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema bei:

"Hii ni tamu."

Akamwaga mkojo wa mama pahali pakavu kando ya mtaro, akaweka jiwe pembeni kama alama, akatuambia turudi jioni. Tuliporudi, sisimizi walikuwa wamefunika mahali pale, weusi, wanapandana. Akatuonyesha kwa kopo. Mamako ana sukari, akasema. Halafu akaangalia kidole cha mguu na uso wake ukabadilika kidogo.

Alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo jambo linalonichukiza zaidi ya kidole chenyewe, kwamba alijua.

Kuanzia siku hiyo alininyima sukari. Nikiitisha kijiko, mbele ya watu wote, ananiambia kwako sukari hakuna, toa nafasi. Hata nikimwambia ni ya chai yangu mimi, alitikisa kichwa. Nikampenda kwa hilo. Lakini kutoka kwenye ule mkebe wa maziwa alinitolea vidonge vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, viwili. Kimoja mama ameze asubuhi. Kingine tukifungue, tunyunyize unga wake kwenye kidonda. Kesho nije nichukue viwili vingine. Havikuwa na karatasi wala tarehe. Vilikuwa na vumbi la chumvi.

Hivyo ndivyo tulivyokaa wiki tatu. Mafuta kopo moja, ko, ko, ko, unga bakuli moja, rangi mbili viwili. Siku ambazo kiwanda hakikutuita, nilinunua kimoja, naye alinipimia kimoja. Kidonda kikawa kama kifungo cha koti, kisha kikawa na mdomo. Unga wa rangi mbili ulikauka juu yake, mama akasema kinapona. Chini ya ule ukoko kilikuwa kinaoza.

Harufu ile sitaielezea sana. Ilikuwa na utamu ndani yake, kama ndizi iliyosahaulika. Ilikaa kwenye blanketi na kwenye mkate. Mimi niliyekuwa nakunja pua kibandani nilianza kupenda kwenda kibandani, nikakawia pale kwenye omena na mafuta ya taa, kwa sababu huko kilichonuka hakikuwa mama yangu. Nilijidharau kwa hilo. Nikirudi nilimkuta ameketi karibu na mlango ili harufu itoke, ananiuliza kama duka langu la vigae nimelipata. Nilicheka, naye akacheka, sote tukipumua kwa mdomo.

Jioni moja nikaacha mstari, nikamwambia Mama wa Kupima kwamba mguu unanuka. Akaweka kopo chini. Alifunga kibanda na watu wamesimama, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, akanifuata mpaka kwetu. Akapiga magoti, akafunua kitambaa, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kidole. Jirani aliyekuwa mlangoni alikuwa ameshakimbia. Yeye alinusa kama anavyonusa mafuta.

Kesho alfajiri, akasema, tunaenda kliniki ya kanjo. Jumanne na Alhamisi wanaosha vidonda, dirisha la nyuma, si la mbele. Mtu aende na bandeji yake, afike kabla ya saa kumi na mbili, asimame upande wa ukuta. Sukari wanapima hapo hapo, kwa kidole, pesa ya mkate tu. Aliyajua yote. Aliyajua kama mimi nilivyojua njia ya kibandani kwake.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu siku ile ya sisimizi.

"Hukuniuliza kliniki," akajibu. "Uliniuliza kupima."

Asubuhi alikuja akivuta mkokoteni wa muuza maji, ameitupa mitungi chini na kuiacha. Tukamlaza mama juu ya gunia. Yeye mbele akivuta, mimi nyuma nikisukuma, gauni la Jumapili likipeperuka. Kwenye mstari wa kliniki alipigana. Mwanamume mmoja aliyetaka kupenya aliambiwa mambo kuhusu ukoo wake ambayo siwezi kuandika. Akaingia na mama kwenye chumba cha kuosha, nami nikaingia. Nesi alipofungua kidonda nilitoka nje mbio, nikatapika kwenye maua. Niliporudi nikachungulia mlangoni: Mama wa Kupima ameshika beseni chini ya mguu kwa mkono wa kushoto, beseni lenye vitu nisivyotaka kukumbuka, na mkono wa kulia ameshika mandazi. Anatafuna. Anamwambia mama yangu habari za paka.

Mama yangu alikuwa anacheka. Machozi yanamtoka, na anacheka.

Nesi alikuwa dada mpole. Akatuambia anatuandikia barua ya hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Kidole hakitaokoka, mguu pengine, na kama tungechelewa wiki moja zaidi hata goti lisingebaki. Kisha akakwangua ule ukoko, akauonyesha kwenye mwanga, akauliza ni nani aliyetupatia unga huu.

Mama yangu alitazama dari. Mimi nilimtazama Mama wa Kupima. Akameza mandazi.

"Watu wa mitaa hii," akamwambia nesi, "hawasikii."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Sikusema hata moja. Mkono wake ulikuwa bado umeshika beseni, na ningelisema, nani angelishika? Mimi nisingeweza. Basi nikamchukia, na nikajichukia mimi zaidi kidogo.

Hospitali walikata kidole kimoja. Mguu ukabaki. Sukari ikapata dawa yake, ya kweli, yenye karatasi na tarehe, na mama akajifunza kula kwa saa. Wiki iliyofuata nilipita kibandani, nikaona mkebe wa maziwa uko palepale chini ya meza. Mwanamume mmoja alikuwa anakohoa. Akapimiwa rangi mbili, viwili.

Nilikaa mwezi mzima bila kununua kwake. Nilinunua chupa ya mafuta Donholm, chupa nzima, yenye kifuniko kinachovunjika ukikifungua mara ya kwanza, na tukala siku nyingi bila mboga kuilipia. Ilipoisha nikarudi kwenye mstari na chupa yangu ya soda. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinipimia, akagonga, kisha akatoa chini ya meza viatu vya wazi vilivyokatwa kwenye tairi, upande wa kulia umepanuliwa pale kidole kilipokuwa. Mpelekee, akasema, aache kuvaa kiatu cha kanisa. Vilikuwa vinanuka omena. Mama anavivaa mpaka leo, kanisani pia.

Ndivyo alivyokuwa, na nimejaribu miaka kumpanga upande mmoja nikashindwa. Wanawake wengine wa mtaa hawakusumbuka kumpanga. Walisema tu yule ni mchafu, na wakapanga mstari.

Mwaka jana magoti yalimwisha. Niliambiwa kwenye mstari wa maji kwamba anarudi kwao, nikaenda kumuaga. Kibanda kilikuwa kitupu. Bila magunia kilionekana kidogo kama choo. Alikuwa ameketi kwenye mtungi uliopinduliwa, paka mapajani. Akaniita kwa mkono, akachomoa kopo kutoka ndani ya leso.

"Chukua," akasema. "Wewe na vigae vyako. Lazima uanze na kitu."

Nikacheka, kwa sababu miaka yote ile nilidhani hasikilizi. Nikamwambia nimeshapata meza karibu na lango la kiwanda, naanza mwezi ujao, mafuta na unga, bila paka. Akafurahi, nadhani. Uso wake ulikuwa mgumu kusoma. Kisha akaniuliza habari za mguu, nikasema mama anatembea, juzi alifika sokoni na kurudi.

"Mamako nilimpimia kidogo," akasema.

Nikamwambia yameisha, anatembea. Akasema hakuuliza kama anatembea. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kucha zilezile, mstari uleule mweusi, akanishikilia muda mrefu. Nikavumilia. Nilipopinda kona nikafuta mkono kwenye sketi, na nilipogeuka nikaona bado anachungulia mlangoni. Nadhani aliniona.

Mama alikuwa kwenye kwaya nilipofika nyumbani. Nikachemsha maji, nikaweka sabuni, nikaloweka lile kopo kwenye beseni. Mafuta ya miaka yalipanda juu kama ngozi. Nikasugua kwa mchanga nje, nikasugua ndani, na kidole changu kikahisi chini panateleza na kusogea. Nikalipindua juu ya beseni. Nikaligonga ukingoni mara tatu, na kwa ile ya tatu kikadondoka kipande cha nta, mviringo mzuri, mnene kama kidole, kina nywele za paka ndani na juu yake alama ya gumba iliyoshindiliwa.

Nilikishika kwa karatasi na kukitupa kwenye mtaro. Nikanawa mikono mara mbili.

Kisha nikalijaza kopo maji. Lilibeba mengi kuliko niliyowahi kupewa. Nikaleta chupa ya soda, nikamimina polepole mpaka yakaisha, nikaliinamisha juu ya mdomo wa chupa, na sikuligonga. Nikasimama pale, nikasubiri tone la mwisho lishuke lenyewe.